Mikono Minane ya Amerikani

Siku za Wajerumani, katika duka la Mhindi pale Arusha, kitambaa hakikupimwa kwa fimbo wala kwa utepe. Kilipimwa kwa mkono wa mnunuzi, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kwa sababu hiyo mtu mfupi hakushuka mlimani kununua nguo peke yake. Alimtafuta ndugu mwenye mikono mirefu, akampelekea kibuyu cha pombe ya ndizi, akamwomba amsindikize. Katika ukoo wetu mikono mirefu kuliko yote alikuwa nayo baba mdogo. Watu walitoka mbali kuja kuiomba, naye aliinyoosha kwanza mbele yao, kama mtu anayeonyesha fahali.

Mimi na mdogo wangu tulikaa kwake, migombani juu ya Sekei. Ndui iliwachukua baba na mama katika mwezi mmoja. Mimi iliniachia makovu uso mzima, mdogo wangu haikumgusa. Ndiyo maana yeye alitakiwa na mimi sikutakiwa. Alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, lakini mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alikwisha kuleta pombe ya posa mara mbili, na baba mdogo alikwisha kuinywa. Ya tatu ikiletwa na kunywewa, mtoto angehama.

Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya misheni, asubuhi tu, nikimaliza kukata majani ya ng'ombe. Bibi wa misheni, mke wa mchungaji wa Kijerumani, alikuwa ameanzisha nyumba ya wasichana. Msichana akishapokelewa alilala humo, na hakuna baba wala mjomba aliyeweza kumtoa pasipo shauri kufika bomani. Sharti la kupokelewa lilikuwa moja. Kila msichana aje na mikono minane ya amerikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iwe imefuliwa, ashonewe gauni la kumfunika toka shingoni hadi vifundo vya miguu. Mwenye kuvaa ngozi hakuingia.

Nilimwuliza kama saba ingefaa kwa mtoto mdogo.

"Minane," akasema. "Mungu hapunguziwi."

Basi nikaenda kupalilia kahawa kwa mzungu mmoja upande wa Usa. Nilikwenda alfajiri na kulala huko huko chini ya banda la majembe, mpaka mwezi ukaisha. Nyapara alitupiga ufito mgongoni kila tulipoinuka kunyoosha viuno, akisema, "Magugu yako chini, huko juu mnatafuta nini?" Mwisho nikalipwa rupia zenye kichwa cha mfalme wa Wajerumani aliyevaa kofia yenye ndege. Zilitosha mikono minane ya amerikani. Hazikubaki hata za chumvi.

Uliobaki ulikuwa mkono wenyewe. Wangu ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na minne aliyekua kwa njaa. Nikaupima kwa macho, nikapima na wa baba mdogo alipokuwa amelala, nikaona tofauti ilikuwa kipande kizima cha nguo. Nikaamua kusema uongo.

"Baba mdogo," nikamwambia, "siku mzee akija kumchukua mdogo wangu, watu watatucheka. Ngozi aliyovaa imetoboka. Nimepata kidogo cha kumnunulia nguo. Naomba mkono wako."

Akacheka kwa furaha.

"Leo umesema kama mtu mzima. Kumbe ndui ilikula uso tu, kichwa ilikiacha."

Tukashuka. Njia nzima alikuwa mchangamfu, akanisimulia jinsi alivyompimia shemeji yake kaniki mpaka Mhindi akafunga duka. Dukani tuliwakuta wake wawili wa askari wa boma wakichagua shanga. Mhindi alipomwona baba mdogo akashika kichwa.

"Ee! Mtu ya hasara nakuja! Leo nani nakuleta?"

"Mtoto wa marehemu kaka yangu. Mikono minane, amerikani."

"Rupia kwanza."

Nikaweka rupia mezani. Akazigonga moja moja kwenye jiwe, akazisikiliza, akazitia ndani. Kisha akashusha gora la amerikani na kulifungua. Baba mdogo akaweka kiwiko kwenye ukingo wa kitambaa, akanyoosha vidole mpaka vikatetemeka.

"Moja," Mhindi akaita.

Akahamisha kiwiko, akanyoosha tena. Nguo ilikuwa inatiririka juu ya meza, nami nilikuwa naiona tayari ni gauni.

"Mbili. Nane, eh?" Mhindi akanigeukia. "Nane ya gauni. Ya bibi ya misheni. Juma hii nimeuzia watoto nne, wote nane, nane. Misheni mzuri sana kwa biashara."

Mkono wa baba mdogo ulikuwa hewani kuelekea wa tatu. Haukusimama. Kiwiko kilishuka mahali pake sawasawa, lakini vidole vilijikunja kimoja kimoja, kidole gumba kikalala juu yake. Akapima kutoka kiwiko mpaka kwenye ngumi.

"Tatu," akasema mwenyewe.

Kipimo hicho nacho kilijulikana. Kiliitwa mkono konde, watu walikitumia kupimia kamba. Mhindi aliitazama ngumi, akamtazama mwenye ngumi, akanitazama mimi. Alielewa alichokifanya, nadhani. Lakini alikuwa na duka.

"Mkono konde leo, mzee?"

"Mkono ni wangu."

"Haya. Tatu."

Mmoja wa wake wa askari akacheka. "We binti, mwambie mzee wako afungue hiyo ngumi, au ameficha ugoro?"

Mwenzake akadakia, "Mwache, labda vidole vimeona aibu."

Mimi nilinyamaza. Kwetu, aliyeombwa mkono hasemeshwi juu ya mkono wake mbele ya watu, na msichana hamkosoi baba yake mdogo mahali popote. Ningesema, angeuondoa mkono, nasi tungetoka bila kitu, na rupia zimekwisha kuingia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Mkasi ukapita.

Tukarudi mpaka kivuko cha mto Themi. Hapo baba mdogo akasimama kwenye jiwe katikati ya maji, mimi nikiwa nyuma yake na nguo kichwani.

"Umeniomba mkono, nimekupa mkono. Mwambie mzungu wako akujazie vidole." Akavuka. Kutoka ng'ambo akaongeza, "Na mzee analeta ya tatu kesho kutwa."

Nilipofika nyumbani nilijificha nyuma ya zizi, nikaipima nguo kwa mkono wangu mwenyewe, vidole vimenyooka. Mkono wangu nilioukataa, mkono wa njaa, ulikuwa mrefu kuliko ngumi yake kwa vidole viwili. Ningekwenda peke yangu ningepata nguo zaidi. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Asubuhi nilimpeleka mdogo wangu mtoni kuifua, kwa sababu bibi alitaka nguo iliyofuliwa. Hatukuwahi kufua amerikani mpya. Tuliipiga juu ya jiwe, na maji yakatoka meupe kama uji, kwanza mazito, kisha mepesi. Kumbe uzito ule wa dukani ulikuwa uwanga. Kadiri tulivyofua ndivyo nguo ilivyozidi kuwa laini, na mwisho niliona vidole vya mdogo wangu kupitia kwenye kitambaa. Tukaianika kwenye nyasi, nikamsimulia habari ya ngumi dukani. Ilipokauka ilikuwa imejikunyata na kupungua.

"Dada," akaniuliza, "kwa nini hukumwambia afungue mkono?"

Nikampiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, akaanguka kando ya nguo, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuangalia kama nguo imepata tope. Haikupata. Ndipo nikamwinua.

Siku hiyo hiyo tulikwenda misheni. Kabla ya kutoka nilivaa ngozi ya mbuzi aliyoiacha mama, na juu yake nikajifunga kaniki yangu ya shule, ile nguo nyeusi ambayo baba alininunulia nilipoanza kusoma. Ilikuwa na tundu dogo pembeni, mahali cheche ya moto iliporukia wiki ile mama alipougua. Nilijua nitakachokifanya, ila nilitumaini nisikifanye.

Bibi alitandaza amerikani juu ya meza, akachukua kijiti chake chenye alama. Akapima mara moja, akapima tena kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Haitoshi. Mikono yote miwili ya gauni haina nguo."

"Ashonewe bila mikono, bibi."

"Hapana."

Nikafungua kaniki. Nikaikunja, nikaiweka juu ya amerikani. Wasichana waliokuwa barazani wakaona ngozi, mmoja akaziba pua, maana ngozi ile ilikuwa bado na mafuta aliyoipaka mama.

Bibi akapima kaniki. "Hii inatosha. Na wewe kesho utakuja shuleni na nini?"

"Sitakuja."

"Hilo ni shauri lako," akasema, akafungua daftari, akaandika jina la mdogo wangu. Nilikuwa nimefika kujua kusoma majina. Nililisoma mara mbili, herufi zikiwa kichwa chini, nikaenda zangu.

Pombe ya tatu ilipoletwa hapakuwa na mtoto. Baba mdogo alinipiga kwa kamba ya ng'ombe mpaka mkewe akamshika mkono, mkono ule ule. Alikwenda bomani, akasubiri juani siku mbili, akafukuzwa. Mzee akaoa kwingine. Mimi nikabaki na jembe na migomba, na ngozi ya mama, kwa sababu kila rupia niliyoipata tangu hapo baba mdogo aliichukua fidia ya aibu yake. Alfabeti niliyokuwa nimeijua niliiandika kwa kijiti kwenye majivu ili isinitoke.

Mavuno mawili yakapita kabla bibi hajaanza kununua ndizi kwetu. Nilipeleka mkungu wa kwanza mwenyewe. Wasichana walikuwa wakisafisha baraza, na mdogo wangu alikuwa miongoni mwao, amekua, amevaa gauni jipya la kitambaa cha maua, kutoka Ulaya. Lile la amerikani na mikono myeusi sikuliona. Halafu nikaliona. Mikono ile ilikuwa imefumuliwa, na mmoja ulikuwa ndani ya kiganja chake, umelowa, anafutia sakafu. Nilijua ni wenyewe kwa lile tundu la cheche.

Msichana mmoja akakunja uso. "Nani huyu ananuka mafuta?"

Mdogo wangu aliinua macho. Aliniona sawasawa. Makovu yangu hayafanani na ya mtu mwingine.

"Muuza ndizi," akasema.

"Umemjua?"

"Nimeona ndizi," akajibu, na wenzake wakacheka. Alikuwa na ulimi mwepesi tangu utoto, ule wa mama. Kisha akainama, akaendelea kufuta, akafika hadi karibu na miguu yangu, akangoja nisogee.

Nikasogea. Alipopita pale nilipokuwa nimesimama pakabaki alama ya maji, safi, bila vumbi lolote la miguu yangu. Nikashusha mkungu mlangoni mwa jiko, nikamwuliza bibi kama atataka mwingine juma lijalo. Akasema atataka.