Blanketi Nililolibadilisha kwa Gemu

Aibu hii sijawahi kuisimulia mwenyewe. Wamenisimulia wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, mpaka siku moja nikiwa Dongobesh nilimsikia mtu nisiyemfahamu akiapa kwamba nilikwenda kuposa Gendabi na televisheni kichwani. Sikuwa na televisheni, na hilo mtaliona lilivyoniumbua mbele. Kwa hiyo leo naieleza kwa mpangilio wake, nikianza na ugonjwa wangu.

Ugonjwa wangu ni gemu za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, zenye kanda za plastiki ya njano. Ziliingia kwetu wakati biashara ilipofunguliwa, maduka ya Mbulu mjini yakaanza kujaa vitu ambavyo hatukuwa na majina yake. Mwenye duka mmoja aliweka televisheni na gemu katika chumba cha uani, akawa anawasha jenereta kila Jumamosi, nasi watoto tunapanga foleni tangu asubuhi. Kulikuwa na mchezo wa pikipiki inayovuka milima sita, na mimi sikuwahi kuumaliza mlima wa tano, kwa sababu kila nikiufikia ama jenereta linaishiwa mafuta ama yule bwana ananigonga bega kwamba zamu yangu imekwisha. Nikakua, nikaajiriwa ukarani katika mradi wa maji, nikawa nazunguka Mbulu na Hanang kata kwa kata na daftari la visima, na kurasa za nyuma za daftari hilo (mwajiri wangu anisamehe) nikaandika siku za minada yote na nilichokiona huko: Haydom, pedi moja ya kuchezea gemu, waya umeliwa na panya; Dongobesh, kanda mbili, ndani tupu; Katesh, hakuna kitu.

Ni kazi hiyohiyo iliyonikutanisha na Yuliana, mwalimu wa shule ya msingi huko Gendabi, mtu anayekusikiliza mpaka mwisho kabla ya kukujibu. Barua ya posa ilipokelewa vizuri. Tukapangiwa kupeleka vitu vya kwanza: dumu la asali, shuka la baba, na blanketi la mama. Kwetu blanketi la mama si kitu cha kubahatisha. Ni la yule aliyemfunika binti kwa nguo yake mwenyewe akabaki na baridi, na baridi ya chini ya Mlima Hanang haitaki maelezo. Litakunjuliwa mbele ya watu, watalishika, watalipima uzito kwa mikono. Mama yangu alikwenda Babati mwenyewe kulinunua, blanketi nene lenye picha ya chui wawili, akalifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, akanipa na kuniambia, "Hili usilitue mpaka liwe mikononi mwake."

Siku ya kwenda niliichagua mimi. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniangusha. Nilimwambia baba mdogo Sulle, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, kwamba twende siku ya mnada wa Katesh kwa sababu usafiri ni mwingi. Usafiri ulikuwa mwingi kweli, lakini si hilo lililokuwa moyoni mwangu.

Tulifika Katesh saa tatu asubuhi, upepo unashuka kutoka mlimani kama umetumwa. (Miaka hiyo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, hata mhuri wa ofisi yetu ulikuwa bado umeandikwa Arusha.) Baba mdogo akaenda kutafuta gari la Gendabi na kupata supu, akaniachia mizigo.

"Paskali," alisema, "kaa hapa hapa. Usinianzie mambo yako ya makorokoro."

"Siondoki, baba mdogo."

Nikaondoka, begi begani na blanketi kwapani. Nilijiambia natupa jicho tu, safu moja, halafu narudi. Nikapita kwenye mitumba, nikapita kwa wauza kandambili za matairi, na mwisho wa safu, karibu na zizi la ng'ombe, nikamkuta mzee mmoja wa Kibarbaig amekaa juu ya kigogo, fimbo mapajani, mbele yake ametandika mfuko wa mbolea, na juu ya mfuko kuna kufuli, tochi, na gemu. Gemu nzima. Pedi mbili, waya zote, na ndani yake imechomekwa kanda ya njano yenye karatasi iliyochorwa pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua hii dude?"

"Nalijua kidogo," nikasema, nikikunja uso kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa (ndivyo unavyonunua mnadani, ukionyesha furaha umekwisha). "Limechakaa. Umelipata wapi?"

"Mtoto wangu alikuwa mlinzi Arusha. Tajiri yake alihama, akamwachia. Sisi kwetu hata umeme hakuna. Ng'ombe hawachezi hii."

Nikaingiza mkono mfukoni. Mzee akacheka.

"Pesa weka. Leo nimeuza madume matatu, pesa ninayo kuliko wewe. Hiyo ya kwapani ni nini?"

Karatasi ya kaki ilikuwa imechanika kwenye kona safarini. Mzee akanyoosha kidole, akakipenyeza kwenye tundu lile, akafinya blanketi polepole, kama anayepima mafuta ya nundu. "Hii," akasema. "Mimi nasikia baridi. Nipe hii, chukua dude."

Nilikataa. Naomba mniandikie hilo. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaanza kupiga hesabu: kwamba mnada umejaa mablanketi, kwamba mimi ni mzoefu wa kuchambua vitu vilivyotumika na kukitambua kizuri, kwamba karatasi na kamba ninazo na aliyeliona la ndani ni mama yangu peke yake, naye yuko Mbulu. Nikafungua kamba kwa mikono yangu. Mzee akajitupia wale chui mabegani palepale, akasimama, akatembea huku na huku kama bwana harusi.

Nilikimbilia kwenye mablanketi. Mapya yalikuwa mepesi, yanaonyesha mwanga upande wa pili, aibu tupu. Nikageukia mitumba, nikachagua moja la rangi ya kijivu, zito, halina tundu, halina doa, nikalinusa, linanuka sabuni. Kona tatu nilizikagua. Ya nne sikuikagua, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameanza kuita jina langu kule barabarani na gari linapiga honi. Nililifunga kwa karatasi ileile na kamba ileile, gemu nikalitumbukiza kwenye begi chini ya shati langu, nikapanda.

Kwa kina Yuliana tulipokewa vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Watu kama ishirini uani, chai ya maziwa, viazi, kuku wawili. Baba yake, mzee Bura, alipokea shuka akajifunga papo hapo. Asali ikaonjwa, ikasifiwa. Kisha mama yake Yuliana akaletewa kifurushi. Alikuwa mama mfupi, mkimya. Aliifungua kamba bila kuikata, akaizungusha kwenye vidole na kuiweka mfukoni, akalikunjua blanketi, wanawake wakapiga vigelegele, na wawili wakalishika huku na huku ili watu waone. Yuliana alishika kona ya nne.

Nilimwona akiitazama. Palikuwa na kitambaa cheupe kimeshonewa hapo, chenye maandishi ya kigeni yaliyofifia na namba, na yeye ni mwalimu, kusoma neno hospitali hakukumshinda. Akainua macho akaniangalia. Halafu, polepole, akaikunja ile kona kwa ndani na kuishikilia kwa kiganja. Mama yake akajifunika, akasema, "Ni zito. Asante, mwanangu." Nikashusha pumzi. Nilidhani nimepona.

Hapo ndipo nje ya ua ikasikika sauti, "Hodi, jirani! Nasikia kuna wageni!" Akaingia mzee wangu wa mnadani, fimbo mkononi, chui wawili mabegani. Gendabi, wakulima na wafugaji ni majirani wa mlango kwa mlango, wanaalikana shughuli zote, na mimi niliyeizunguka kata ile na daftari miaka miwili nilikuwa sijafikiria kumuuliza mzee yule anakaa wapi.

"Karibu, mzee Gidamis," akasema baba yake Yuliana. "Leo umependeza! Blanketi gani hilo?"

Gidamis hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Akanyoosha fimbo kwangu, anacheka meno yote. "Bwana wa dude! Huyu ndiye mkwe wenu? Mmepata kijana mzuri sana. Asubuhi amefungua kamba amenipa hii mpya, mimi nimempa dude la mtoto. Dude linaimba?"

Baba mdogo aliweka kikombe chini, nikaisikia sauti ya kikombe.

"Paskali," mzee Bura akasema, "hilo dude liko wapi?"

Nililitoa begini, shati langu likaning'inia kwenye waya wa pedi mbele ya wazee wote. Nikaliweka mezani kati ya viazi na asali.

"Linafanya nini?"

"Linachezwa, mzee. Ukiliunganisha na televisheni."

"Televisheni unayo?"

"Hapana, mzee."

Kuna shangazi mmoja alicheka, wakafuata wengine, na kicheko kile kingekuwa nafuu kama kisingekatika. Kilikatika kwa sababu mzee Gidamis alikuwa ameelewa. Alilivua lile blanketi, akalikunja vizuri, akampelekea mama yake Yuliana kwa mikono miwili. "Mimi sikujua, mama. Hili ni lako."

"Hapana, jirani," akasema yule mama. "Wewe amekupa alichotaka kukupa. Na mimi amenipa alichotaka kunipa."

Akalivua la kijivu, na safari hii kona ya nne haikushikiliwa na mtu. Aliliweka juu ya gemu, likalifunika lote. Mzee Bura akamwambia baba mdogo kwamba tumalize chai, na kwamba watatuita. Hawakutuita.

Yuliana alitusindikiza mpaka barabarani kwa heshima ya baba mdogo. Nilianza kujieleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. "Nilikunja ile kona nikidhani ni umaskini," akasema. "Umaskini ningeukunja maisha yangu yote." Akarudi nyumbani kwao.

Mwezi uliofuata nilinunua blanketi jipya, zito kuliko lile la chui, nikamtuma baba mdogo alipeleke. Lilirudi na kamba haijafunguliwa. Mwaka uliofuata nikapata televisheni. Gemu liliwaka mara ya kwanza, wala halikuwa na kasoro yoyote, na kwa siku nne nikavuka mlima wa tano na wa sita. Mnataka kujua kuna nini baada ya mlima wa sita? Kuna neno moja la pongezi, halafu pikipiki inarudishwa chini ya mlima wa kwanza.

Gemu nimeligawa. Mnadani bado naenda, ugonjwa ni ugonjwa, lakini kwanza nafikisha mzigo wa mtu, ndipo narudi huko mnadani mikono mitupu. Blanketi lile lililorudishwa liko juu ya kabati na kamba yake. Baridi ya huku mnaijua, na sijawahi kulifungua.