Mkanda kwenye Mulunguti

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya kwa unadhifu. Mpaka leo, nikinusa gome bichi lililotoka kukatwa, naona aibu kana kwamba kuna mtu ananitazama.

Ilikuwa Kolwezi, enzi za Zaïre. Mama alikuwa ameenda Sandoa kumuuguza bibi, baba alishinda mgodini, nami niliugua matumbwitumbwi. Watoto wenzangu walinicheka kutoka ng'ambo ya barabara: "Ee, Shavu-ya-mukate, baki kule kule!" Mlango ulionifungukia ulikuwa mmoja tu, wa jirani yetu Mama Ngalula, mjane aliyetoka Kasai. Uani kwake palikuwa na mulunguti, ule mti wa miiba unaopukutisha majani kiangazi, kisha ukawaka maua mekundu. Alitwanga gome lake akanipaka shingoni. Wenye homa aliwachemshia.

Siku ya tatu alinipa kisu nikakate mwenyewe.

"Kata kule jua inatokea, na kule inalalaka," aliniambia. "Katikati uache. Muti nayo iko na shingo, ukiizungusha yote inakufa."

Nilikata. Lakini alama mbili nilizokata hazikulingana, na mimi kitu kisicholingana kilininyima usingizi. Nikanyoosha huku, nikaongeza kule, mpaka alama mbili zikakutana: mkanda mweupe kuzunguka shina lote. Ulipendeza, wallahi. Kisha maneno yake yakanirudia. Nikaupaka udongo, nikanyamaza.

Mwaka ule mulunguti ulichanua kuliko miaka yote, nami niliamini umenisamehe. Mvua zilipokuja, haukutoa hata jani moja. Nilimwona Mama Ngalula akikwangua ule udongo kwa kucha. Alitazama dirishani kwetu, hakuniita. Sikurudi tena kwake. Nilicheza peke yangu nyuma ya nyumba, nikisikia wagonjwa wakibisha hodi kwake na kuondoka mikono mitupu.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana naye sokoni Fungurume, nikamweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Lakini ungeniambia siku ile, ningekata tawi mbichi, ningepanda. Ile muti, hata ukitia tu tawi mu udongo, inamea. Uliniambia mu kichwa yako, mutoto yangu, hukuniambia mu masikio."

Kumbe miezi yote ile ya maua, mti ulikuwa bado unaokoleka.

Bado naogopa kukosea, hilo halijapona. Ila siku hizi nikiharibu kitu cha mtu, namwambia siku ileile.