Mursik Isiyo na Harufu ya Mkaa

Mwanangu, kabla hujaanza kazi ya maabara Jumatatu, kuna siku moja naikumbuka ambayo sijamsimulia mtu, hata mama yako. Ulikuwa na miaka sita. Ugonjwa wa selimundu ulikuwa umekushika vibaya, chembe zako za damu zikijipinda na kukwama mishipani, na ulipolia kwa maumivu ya mifupa jirani zetu wa mtaa wa West Indies walikuwa wanafunga madirisha.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara hapa mjini, chini ya Mzee Kiprono. Tulikuwa tukikuza chembe za damu ndani ya chupa, zimepauka kama maji ya mchele. Mzee alizitilia dawa yenye harufu ya siagi iliyochacha. Siku chache baadaye nilifungua kabati la joto tulimozikuza nikakuta zimekuwa nyekundu, nikamwita Mzee. Akaniambia taratibu kwamba zilikuwa zinatengeneza damu ya mtoto aliye bado tumboni.

Sikiliza, maana utayakuta haya. Maagizo ya mwili ni uzi mrefu uliozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa fundi kwenye kijiti chake. Histoni zikibandikwa vialama vidogo vya asetili, uzi unalegea na agizo linasomeka. Vikibanduliwa, uzi unakaza na agizo linanyamaza. Agizo la damu ya tumboni hunyamazishwa tukishazaliwa, lakini halifutwi. Limo ndani yako hata sasa, limekaa kimya. Dawa ile ilizuia vialama visibanduliwe, agizo likaanza kusomwa tena. Na damu hiyo haijipindi.

Nikakuwazia wewe. Ijumaa nikamimina dawa kwenye kichupa, nikakificha mkobani. Asubuhi nilikuwa nimemwambia mama yako aoshe kikombe chako, nitakuja na kitu. Mzee alinikuta mlangoni, akanusa.

"Kwa huo mkoba kuna nini?"

"Ni mursik tu, Mzee. Nimeletewa kutoka Moiben."

"Mimi nimelelewa na mursik. Hiyo yako haina harufu ya mkaa."

Sisi watu wa Bungoma mursik, maziwa yale ya kuganda kibuyuni, tunainywa kwa majirani, hatuiandai. Nilisahau kwamba kibuyu chake husuguliwa kwa mkaa. Mzee hakunipigia kelele. Alinirudisha ndani, akanionyesha kwa darubini chupa iliyokaa na dawa siku nyingi zaidi. Chembe hazikuwa zikigawanyika tena. Nyingine zilikuwa na maumbo nisiyoyajua, na nyingi zilikuwa zimekufa.

"Dawa haichagui," akasema. "Imeamsha unachotaka, pamoja na mengine. Nani atayalaza tena ndani ya mtoto?"

Niliimwaga nikilia. Mama yako aliponiona mikono mitupu, alikirudisha kikombe kabatini. Ulilia wiki hiyo yote, nami nikajichukia. Dawa iliyopimwa ilikuja baadaye, kwa daktari, kwa kipimo cha mwili wako.

Nilikupenda kweli, mwanangu, na mapenzi hayo yangeweza kukuua. Kitu kikifanya kazi ndani ya chupa, usikimbie nacho nyumbani. Uliza kwanza kimegusa nini kingine. Na ukijikuta unadanganya kuhusu kilicho mkobani mwako, rudi ndani.

Mungu aipe mikono yako subira, na akulinde na wanaokupenda kwa haraka. Kunywa chai, isipoe. Kikombe hicho ndicho mama yako alichoosha siku ile.