Fundi Aliyesubiri Hewa Ikauke

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kwamba fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Mukendo hapa Musoma, amefariki na kuzikwa siku ileile baada ya swala ya alasiri. Wengi wenu mlimfahamu kwa mageti yake. Mimi namkumbuka kwa mlango mdogo wa chuma alioufungua katika kituo cha afya upande wa Butiama, mke wangu akiwa chumba cha pili akisubiri kufanyiwa upasuaji ili ajifungue.

Mvua ilikuwa imekata barabara, hivyo hatukuweza kumhamishia Musoma. Vifaa vya upasuaji vilikuwa ndani ya mashine ya kuvitakasa, na kitasa cha mlango wake kiligoma kabisa. Fundi naye alikwama upande ule na gari lake, baada ya kutengeneza tela la mtu. Muuguzi akamkimbilia. Msumeno wake wa umeme haukuenea nyuma ya kitasa, akashusha mashine ya plazma, inayokata chuma kwa umeme na hewa ya kushindiliwa. Akawasha. Moto ukaruka, ukazimika. Akarudia, ukazimika tena.

"Fundi, fanya haraka, mama anachoka!" muuguzi akasema.

"Dada, hewa imeingiwa na maji. Ya hivi inazimaga moto," akajibu, huku akifungua koki chini ya tangi la hewa la mashine yake. Maji yakamwagika sakafuni. Akanigeukia mimi. "Humu ndani ya bomba la kukatia hewa inazunguka kwa kasi, inaubana moto ukae katikati. Ikizidi, inaupuliza. Ikipungua, moto unakula mdomo wa bomba, na mdomo mwingine sina. Nivumilie, kaka."

Akaipuliza hewa kiganjani mwake mpaka kiganja kikabaki kikavu. Ndipo akakata. Kitasa kikaanguka, vifaa vikatoka vikiwa salama ndani ya vitambaa vyake, na kabla ya magharibi nikasikia binti yangu akilia.

Tunaishi katika nchi inayompigia makofi anayekimbia. Fundi huyu aliharakishwa na watu wote waliokuwa mle, nami nikiwemo, akakubali kuonekana mzito ili kazi isiharibike. Kila nikimshukuru alikuwa akicheka na kuuliza mtoto anaendeleaje shuleni.

Mwezi uliopita, niliposikia anaumwa, nilimpeleka binti yangu Mukendo. Akamshika mikono yote miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiye wewe." Ninafurahi kwamba tulikwenda. Kama kuna mtu unayemshukuru moyoni, mwendee angali anakusikia.