Mkongojo Wenye Kitambaa cha Shati

Mtunza pango walimwita Shahidi, na jina lilimkaa. Hakuna kundi la mahujaji lililopita pale bila kumsikia. Alisimama kwenye mdomo wa pango, ufunguo wa geti kiunoni, akaanzia enzi zile kusali kulipokuwa kosa la kumpeleka mtu kaburini, waumini walipojificha humo na watoto wao wakaziba njia kwa miiba. Akifika kwenye ukuta wa mikongojo, sauti ilishuka. Hata waliokuja kupiga picha tu walivua kofia.

Mkongojo wa kwanza kutundikwa ulikuwa wa mchonga mawe aliyevunjwa mguu na jiwe la altare. Tangu hapo sheria ikawa moja: unatundikwa mkongojo wa mtu aliyeingia pangoni nao akatoka bila yake. Shahidi aliilinda sheria hiyo kufa na kupona. Waliokuja na mikongojo mipya ya dukani, eti waache kumbukumbu, aliwarudisha nayo bila haya. "Hapa si stoo," aliwaambia.

Sasa mtu kama huyo, unadhani nyumbani kwake kulikuwa salama? Mkewe alianza kuumwa goti kama mchezo, kumbe mfupa ulikuwa unaliwa ndani kwa ndani. Waliishi kwenye vyumba viwili chini ya ngazi za pango. Kila asubuhi, kabla ya wageni, alimshika mkono wakapanda, akampaka maji yanayodondoka mwambani, wakasali. Goti likazidi kuvimba. Watu wa mbali walipona wakashuka wakiimba, Shahidi akabaki anabandua nta ya mishumaa yao sakafuni. Aliwaonea wivu, tusifichane. Alilia mara nyingi akiwa amepiga magoti na kibanduzi chake mkononi.

Mkewe ndiye aliyekuwa mcheshi. "Mimi na wewe ni kama wapishi wa harusi," alimwambia. "Tunashiba harufu." Mkongojo wake alichongewa na seremala jirani, na mwenyewe akauzungushia kitambaa cha shati kuukuu la mumewe ili usimchubue kwapa. Usiku aliuegemeza kando ya kitanda. Kila alfajiri Shahidi alijikwaa hapo hapo.

"Macho umeyaacha wapi, bwana? Kila siku mkongojo huo huo."

"Samahani, bibi."

Siku moja mke aliomba kupanda peke yake, asishikwe. Alipanda, akipumzika kila baada ya ngazi mbili tatu, na mumewe nyuma roho juu. Alisali muda mrefu. Alipotaka kuinuka, mguu ukakataa katakata, ikabidi Shahidi ambebe mgongoni. Walipofika kwenye ukuta akamfinya sikio.

"Simama kwanza. Nimeingia na mkongojo, au sikuingia nao?"

"Umeingia nao."

"Na sasa natoka bila yake. Basi utundike."

"Acha utani, mke wangu."

"Sitanii. Na mimi niwe kule juu na wenye bahati."

Akautundika. Haikupita wiki, akamzika.

Hakumwambia mtu, hata padri. Akisimulia aliuruka ule mkongojo, akautazama uliofuata. Lakini asubuhi, akiwa peke yake, aliufuta vumbi kabla ya yote, akausalimia, akaueleza habari za nyumbani. Ndiye mwenzake aliyebaki. Aliomba kitu kimoja tu, asitokee mtu wa kuuliza habari zake.

Akatokea mama mmoja na binti yake anayechechemea. Walisikiliza simulizi yote, kisha mama akapita kwenye mikongojo yote ile akashika huo huo.

"Kitambaa bado kina jasho la mwenyewe," alisema. Akaushika mkono wa binti, akauweka juu yake. "Huyu naye alipona, baba?"

"Aliingia nao," Shahidi alisema, "akatoka bila yake."

Wala hakudanganya. Mama akafumba macho, uso umemjaa furaha. "Ee Mungu, mtendee mwanangu kama ulivyomtendea huyu. Vile vile, Bwana, usipunguze—"

"Mama, usiombe hivyo," Shahidi alimkatiza.

Mama akafumbua macho.

"Alikuwa mke wangu," Shahidi alisema. "Alitoka bila yake kwa sababu nilimbeba. Hakupona. Tulimzika." Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya wageni wote, na hakuyafuta.

Mama hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliubandua mkono wa binti kidole kimoja kimoja, akaufuta kwa upande wa nguo yake. "Pole sana, baba," alisema kwa upole, akamsogeza mtoto kwenye mkongojo wa pembeni.

Hakuna aliyemwambia autoe. Wageni walipoisha aliuteremsha mwenyewe, akashuka nao nyumbani. Ukutani palibaki msumari. Hakujua auweke wapi, akauegemeza pale pale kando ya kitanda.

Alfajiri aliamka kwenda kufungua geti, akajikwaa.

"Samahani, bibi," alisema, akasimama gizani mguu unamuuma, akisubiri kugombezwa.