Fyekeo kwenye Ukuta wa Majlisi

Sikusoma sana, na kila nikiandika jambo la nyumbani najiuliza kama nimemtendea haki kila mtu. Hili nalo nitajaribu.

Mume wangu anapenda habari za Ulaya ya zamani, za wakulima waliowainukia mabwana zao kwa zana za shamba. Mwaka jana aliagiza mapambo ya mfano wa zana hizo, yakafika kwetu Mawaleh, hapa Maskati, ndani ya boksi refu. Moja ni gongo la kupuria ngano, kichwa chake kinaning'inia kwa mnyororo na kimepigwa misumari. La pili ni fyekeo ambalo bamba lake limenyooshwa juu ya mpini, likawa kama mkuki. Hayakati, nilipitisha kidole mwenyewe. Akayatundika majlisi, ndiyo sebule yetu, kwenye ukuta unaoelekeana na ule wenye khanjari, jambia la heshima la marehemu baba yake, akarudi nyuma kuyatazama. Nikamwambia yamependeza. Sikusema ili kumridhisha, yalipendeza kweli.

Ijumaa tunakula sote majlisi, sinia moja, na mama mkwe ana mahali pake, chini ya khanjari ya mumewe. Ijumaa ya kwanza baada ya hapo alifika mlangoni akasimama. "Leo nitakula jikoni," akasema. "Magoti yananiuma."

Ijumaa ya pili, magoti tena. Nikajua ni mimi. Pilau nilikuwa nimelizidisha chumvi, na siku chache kabla nilimjibu kwa mkato alipouliza habari za mapazia. Nikapunguza chumvi, kisha nikamwomba radhi kwa yale mapazia.

"Mapazia gani, mwanangu?" akaniuliza.

Mume wangu akasema mama anazeeka, tumwache. Lakini nilimwona akitazama ile nafasi tupu kwenye sinia, na chakula hakumaliza.

Ijumaa iliyofuata nikachukua sahani yangu, nikamfuata jikoni.

"Mama, kama ni mimi nambie."

"Si wewe. Ni lile fyekeo."

"Lile pambo tu, Mama. Halikati hata nyanya."

"Nnajua pambo. Mie sina wazimu." Akatabasamu, akatoa mfupa mdomoni. "Lakini nikikaa pale linanielekea. Mwaka ule wa vurugu, mtu aliyekuja kwetu shamba alikuwa na fyekeo. Hakutugusa. Alisimama mlangoni tu. Baba akampa funguo, tukatoka."

"Mlikuwa mnamjua?"

"Ndiye aliyekuwa akitukatia majani, tangu mie sijazaliwa. Na sikumbuki hata siku moja kumwona akiambiwa karibu, keti." Akatafuna. "Baba hakuwa mtu mbaya. Na yule naye simwiti mbaya. Lakini fyekeo silitaki mbele yangu na mie nnakula."

Kwamba alitoka Unguja mtoto, baada ya Mapinduzi, hilo nilikuwa nikilijua. Sikuliunganisha. Sisi tuliozaliwa Maskati tumekulia kwenye majlisi zenye silaha ukutani, upanga huku, bunduki kuukuu kule, na machoni petu silaha ikishatundikwa imekuwa pambo. Hatuulizi aliyeketi chini yake anakumbuka nini.

Jioni nikamweleza mume wangu.

"Na khanjari ya baba?" akasema. "Ile si silaha?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Wale wakulima, kwa alivyonisimulia yeye, walikuwa wameonewa, wakachukua walichokuwa nacho mkononi. Tukishusha silaha ya mnyonge tukabakisha ya mwenye heshima, tunasema nini? Nilisema nitafikiri. Nikafikiri, nisifike mahali. Mwishowe yeye mwenyewe akapanda kiti akashusha zote, khanjari na mapambo.

Ijumaa tulitandika kama kawaida. Mama mkwe alisimama mlangoni, akautazama ukuta mmoja, akautazama wa pili. Kisha akaingia, akaketi mahali pake, akavuta wali upande wake. Mume wangu akamsogezea nyama iliyo laini.

"Ya baba yenu mmeitoa kwa nini?" Mama akauliza.

"Haki, Mama. Tukitoa moja tunatoa zote," mume wangu akajibu.

"Haya, hakimu." Akacheka kwa pua. "Irejeshe. Ile nimeizoea."

Ikarejeshwa kabla ya kahawa.

Neno lake lile limenikaa kichwani. Hakusema khanjari ni njema na fyekeo ni baya. Alisema ameizoea, basi. Sijui kama hiyo ndiyo haki, na sidhani kama mume wangu anajua. Gongo na fyekeo viko stoo, nyuma ya magunia ya mchele, na nikifagia huko navifuta vumbi. Ukutani yamebaki matundu ya misumari, hayajazibwa. Mama mkwe hula akiyatazama, na Ijumaa iliyopita pilau aliliongeza chumvi mwenyewe.