Mama alinituma "chanjo ya college", kumbe ni family planning

Ilianza Jumatatu, saa moja na robo asubuhi. Nilikuwa nasuuza vikombe.

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa nasoma nyuzi za watu halafu natoka kimya kimya. Mambo yangu naandikia diary. Lakini hii, diary imeshindwa kunijibu, so leo naileta kwenu vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Niiteni Makena, si jina langu.

Nina miaka kumi na tisa. Form Four nilimaliza, na mwezi ujao naenda college Embu, nitakaa hostel huko mtaa wa Majimbo. Nyumbani ni Kinoru, mimi na mama tu. Mama anauza nafaka soko la Makutano, na kanisani ndiye mwenyekiti wa kina mama.

Sasa hiyo asubuhi mama akaniambia akiwa ameangalia dirisha, "Makena, leo upitie kliniki. Kuna chanjo ya wasichana wa college. Ni ya serikali, ni bure. Ingia mlango wenye kina mama wamekaa nje."

"Chanjo ya nini?"

"Ya college." Akaongeza, "Wanapiga mkono wa kushoto." Akatoka.

Mimi ni mtu wa kuambiwa naenda. Nikaoga, nikaenda.

Kliniki benchi ilikuwa imejaa, na kila mtu alikuwa na mtoto. Ni mimi tu nilikuwa nimebeba mwavuli.

Mama mmoja mwenye alikuwa ananyonyesha akaniuliza, "Wako umemwachia nani?"

"Sina."

"Aii! Kwani umekuja kuchukua hapa?"

Benchi yote ikacheka. Mimi nikacheka pia, lakini masikio ilikuwa imeshika moto.

Ikafika zamu yangu. Ndani kulikuwa na sista mmoja, nesi mtu mzima, ako na sauti ya pole. Nikamwambia nimekuja chanjo ya college, mkono wa kushoto. Nikakunja sleeve kabisa.

Akacheka. Halafu akaniangalia, akaacha kucheka.

"Nani amekutuma?"

"Mama."

"Shusha sleeve, mum. Keti."

Wakuu, hapo ndipo nilijua si chanjo. Akatoa kijiti kidogo ndani ya pakiti, chembamba kama njiti ya kiberiti. Akasema kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, kinazuia mimba miaka kadhaa, na mtu akitaka kutolewa anatolewa. Akaniambia period inaweza kubadilika. Akaniambia hakizuii HIV, so condom iko palepale. Alikuwa anaongea vile mtu anakuelekeza njia ya soko.

Mimi nilikuwa nasikia nusu. Nusu ingine nilikuwa nafikiria mama. Kwani mama anadhani mimi niko na mtu?

Nikamwambia sista, "Lakini sina boyfriend."

"Sijakuuliza kama uko na boyfriend. Nimekuuliza kama unataka hii kitu."

"Mama ndiye anataka."

"Mama tukimwekea ni mkono wake. Huu ni wako. Unataka?"

Nikasema, "Sijui."

"Basi mtu wa sijui mimi simwekei. Enda ufikirie. Ni bure leo, hata wiki ijayo ni bure, na hakuna mtu atakuuliza mama anasema nini."

Nikatoka. Yule wa kunyonyesha akaniuliza, "Imeuma?" Nikaongeza mwendo.

Hapa wacha nisimame kidogo, kwa sababu ndipo nilichanganyikiwa kabisa. Mama huyu ni yule yule alisimama mbele ya vijana kanisani akasema hizo dawa za kupanga uzazi ni za watu wamekosa adabu. Nilikuwa kwa kiti cha tatu, nilisikia. Sasa amenituma nikawekewe, na hakuniambia ni nini! Sikujua kama nimetukanwa ama nimependwa. Mpaka saa hii naandika, sijui ni nini ilikuwa kubwa kati ya hizo mbili.

Na tena, kwa nini bure? Hata plasta kwa duka nanunua. Hiyo pia ilinisumbua njia yote.

Jioni mama alirudi mapema. Kitu ya kwanza aliangalia ni mkono wangu, na nilikuwa nimevaa sweta.

"Ulienda?"

"Nilienda."

"Uko sawa?"

Nikanyamaza. Na kwetu msichana akinyamaza, amesema ndiyo.

Wakuu, mama akabadilika. Akanyakua mtungi wa maji kwa mkono wangu akasema nisibebe. Akaosha vyombo mwenyewe. Akanipea paja la kuku, na paja kwetu ni la mgeni. Nilikula nikitaka kulia. Alikuwa amefurahi hivyo kwa sababu ya kitu chenye hakiko.

Nikashindwa. Nikatoa sweta hapo mezani.

Mama akaangalia mkono wa kushoto. Akauinua, akaangalia nyuma. Halafu akashika wa kulia. "Kwani walikuwekea wapi?"

"Hawakuniwekea. Sista aliniambia ni ya nini."

Akakaa. Akasukuma sahani ya kuku kando.

"Hiyo ya kuongea na wasichana ilikuwa kazi ya nyanya," akasema. "Mimi nilifunzwa na nyanya yangu, si mama. Wako amekufa. Ningeanzia wapi? Mama na mtoto wake hawaongei hayo."

"So ukasema ni chanjo."

"Si inakinga?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema Embu ni mbali, na hataniona nikitoka wala nikirudi. Nikamuuliza kama haniamini. Akasema, "Nakuamini. Ni hao wengine siwajui." Hilo jibu nimeligeuza na bado sijalielewa lote.

Chenye nimejifunza ni kidogo: kitu cha mwili wako usikubali kabla ujue jina lake, hata kama amekutuma mtu anakupenda. Wenye mmewekewa hicho kijiti, mwili ulifanya nini? Na wazazi mko hapa, mliwaambia wasichana wenu vipi? Nisaidieni, lakini msimtusi mama.

Lakini haikuishia hapo: kesho yake, Jumanne asubuhi, nilivaa nikaenda tena kliniki. Mama akanifuata bila kuitwa. Tukakaa benchi ile ile, na kumbe kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu.

"Mwenyekiti! Wewe bado unapanga uzazi?"

Nilidhani mama atasema ni chanjo. Akakaza leso kichwani, akasema kwa sauti, "Nimeleta msichana wangu aulize mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Mama akasimama kabla yangu. Nikamwambia, "Mama, kaa hapa."

Akakaa.

Nikaingia peke yangu, nikafunga mlango. Nikamwambia sista bado sijui, lakini leo nimekuja na maswali. Nikaanza na lile la aibu zaidi.